BAKULI LISIRUKE: KUSHIKA MTI KABLA YA KUKEREZA

Ewe mkulima, mwembe mzee uangukapo shambani mwako kwa upepo wa masika, huufanyia nini? Wengi wetu huita vijana wenye mashoka, na baada ya siku mbili mti wote umekuwa kuni. Kuni ni kitu chema. Lakini ndani ya gogo lile mlikuwamo mabakuli ya kuuza, na bakuli lililokerezwa vizuri laweza kupita bei ya mzigo mzima wa kuni.

Kazi ya kukereza si ngeni katika Afrika ya Mashariki. Tangu zamani mafundi wa Lamu na Unguja walikereza miguu ya vitanda, wakizungusha mti kwa uta na kamba. Mti wao ulishikwa ncha mbili, huku na huku. Bakuli ni kazi nyingine. Lazima mdomo wake uwe wazi ili patasi iingie ndani. Kwa hiyo hushikwa upande mmoja tu, kitakoni, kwa taya nne za chuma zilizofungwa kwenye mashine. Usalama wote wategemea kitako hicho.

Katika karakana moja hapa Butula nilimwona kijana akikaza taya hizo kwa nguvu zake zote. Akawasha mashine, akatia patasi, na papo hapo bakuli likachomoka, likapita karibu na sikio lake na kuvunja kioo cha dirisha. Alidhani hakukaza vya kutosha. Tulipoliokota tukaona sababu hasa: ulimi wa kitakoni ulikuwa mrefu mno. Ncha yake iligusa chuma cha ndani, na mabega ya bakuli hayakufika kwenye taya.

Jambo hili mkulima hulijua tayari. Mpini usiokaa sawasawa katika tundu la jembe hauponi kwa kupigiwa kabari nyingi. Bakuli nalo halishikwi kwa nguvu za mkono peke yake, bali kwa mabega kukaa bapa juu ya taya. Basi fuata mambo haya kwa taratibu.

Kwanza, chagua mti mzima. Ukiona ufa, kuoza, au kiini cha gogo mahali pa ulimi, kata kipande kingine.

Pili, funga kipande kwenye sahani ya chuma kwa skurubu, upande utakaokuwa mdomo. Kereza nje ya bakuli, kisha chonga ulimi wa duara kitakoni. Upana wake uwe kama theluthi moja ya upana wa bakuli. Kwa taya za inchi 2, fanya ulimi uzidi inchi 2 kidogo tu, ili taya zikifunga zifanye karibu duara kamili na kushika pande zote.

Tatu, ulimi uwe mfupi kuliko kina cha taya, usiguse ndani. Pembeni mwake acha bega bapa, lisilo na mviringo. Kama taya zako zimeinama kwa ndani, ulimi nao uwe mwembamba kidogo shinani kuliko nchani.

Nne, geuza bakuli, sukuma mabega mpaka yakae, kisha kaza. Zungusha kidogo kwa mkono, kaza tena. Tazama kama pana mwanga kati ya bega na taya. Ukiuona, legeza uanze upya.

Tano, ondoa ufunguo wa kukazia. Zungusha bakuli kwa mkono mzunguko mzima kabla ya kuwasha. Anza polepole, na simama kando, si mbele ya bakuli. Bakuli la inchi 8 likizunguka mara 1,000 kwa dakika, ukingo wake hukimbia zaidi ya kilomita 35 kwa saa. Vaa kinga ya uso wote, kunja mikono ya shati, wala usivae tai au shuka.

Sita, stima ikipotea, zima mashine mara moja. Usiiache ikusubiri, stima ikirudi yaweza kuanza huku mkono wako u ndani ya bakuli.

Angalia sana mti mbichi. Huo hubonyea, hivyo kaza tena mara kwa mara. Afadhali ulikereze bakuli nusu, ukiacha unene wa sehemu moja ya kumi ya upana wake, kisha uliweke kivulini likauke kwa miezi kadhaa. Likikauka, ulimi huacha kuwa duara ukawa kama yai. Uchonge upya kabla ya kuushika tena.

Huenda wewe mwenyewe hutashika patasi, bali una kijana anayejifunza useremala katika chuo cha ufundi. Akirudi nyumbani, usimwulize kwanza amekereza mabakuli mangapi. Mwulize hivi: “Kabla ya kuwasha mashine, uliyatazama mabega?” Akikueleza vema, nenda ukamwonyeshe ule mwembe, na mashoka yangoje.