Tumwambie Rafiki Kabla ya Safari

Vijana wa bodaboda husafiri pamoja wanaposindikiza harusi au msiba. Mmoja akiendesha ovyo, je, wenzake wanyamaze ili kulinda urafiki? Tunasema hapana, kwa sababu katika msafara kosa la mmoja huweza kuwaangusha wote.

Pikipiki yenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Anayemfuata mwenzake kwa mita 5 hana muda wa kushika breki. Ndiyo maana tunashauri kuacha nafasi ya sekunde 2, yaani mita 33 hivi. Kofia ngumu nayo hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 40.

Namna ya kusema ni muhimu. Tusimkemee kijiweni mbele ya watu; ataona aibu na kuanza kujitetea. Tumwite pembeni, tutaje tendo moja tuliloliona: “Ndugu yangu, jana ulilipita lori kwenye kona.” Kisha wote tukubaliane nani atatangulia na kwa mwendo gani.

Akikataa, tusiongozane naye. Kumwacha nje ya msafara kunauma, lakini kumzika kunauma zaidi.