Amy Winehouse: Umaarufu, msiba na uraibu

Mwimbaji wa Uingereza Amy Winehouse alikutwa amefariki dunia nyumbani kwake Camden, kaskazini mwa London, tarehe 23 Julai 2011. Alikuwa na umri wa miaka 27.

Uchunguzi ulibainisha kuwa damu yake ilikuwa na miligramu 416 za kilevi katika kila mililita 100. Kiwango cha juu kwa dereva nchini England wakati huo kilikuwa 80. Hakukutwa na dawa haramu mwilini.

Umaarufu ulimfikia mapema. Albamu yake ya kwanza, Frank, ilitoka mwaka 2003 akiwa na miaka 20. Mwaka 2006 alifiwa na bibi yake mpendwa, Cynthia. Mwaka huo huo ikatoka Back to Black, iliyomfungulia njia ya tuzo tano za Grammy mwaka 2008. Wapiga picha wakapiga kambi mlangoni pake, na ugonjwa wake ukawa burudani ya magazeti.

Kabla ya kifo alikuwa ameacha pombe kwa muda, kisha akairudia. Hapo ndipo penye hatari. Mwili uliopumzika hupoteza uwezo wa kuhimili kilevi, na kiasi kilichozoeleka zamani huweza kuzuia pumzi.

Septemba 2011 familia yake ilianzisha wakfu kwa jina lake, na mwaka 2016 ikafunguliwa London nyumba ya wanawake vijana wanaojinasua kutoka kwenye uraibu.