Vinywaji na Asili Zake (4): Bourbon na Saida ya Tufaha

Kokteli ya Bourbon na saida ya tufaha ni kinywaji cha Marekani kinachounganisha mazao mawili ya shamba: mahindi yaliyogeuzwa wiski na matufaha yaliyokamuliwa. Hunywewa zaidi kati ya Septemba na Novemba, majira ya mapukutiko, wakati majani ya miti yanapogeuka manjano na mekundu kabla ya kudondoka. Ndio wakati matufaha yanapovunwa katika majimbo ya New York, Michigan, Virginia na yale ya New England. Viungo vyote viwili vina utamu wake. Kwa hiyo kazi kuu ya mtengenezaji si kuongeza utamu, bali kuusawazisha kwa uchachu, uchungu kidogo na maji ya kutosha. Anayezingatia mizani hiyo hufaulu hata kwa wiski ya bei nafuu, na asiyeizingatia hupata shira yenye kileo.

Saida

Nchini Marekani, saida ya tufaha ni juisi mbichi ya tufaha isiyochujwa ikawa maangavu, na haina kileo. Ikiachwa ichachuke, sukari yake hugeuka kileo na huitwa saida kali. Nchini Uingereza, kinyume chake, neno hilo hutumika kwa kinywaji chenye kileo. Makala haya yanafuata matumizi ya Marekani.

Matufaha huoshwa na kusagwa hadi yawe rojo, kisha rojo hiyo hufungwa kwenye vitambaa na kugandamizwa katika shinikizo. Rangi ya kahawia hutokea pale hewa inapokutana na nyama ya tunda iliyosagwa na vimeng'enya vyake kuanza kazi. Ukungu unaobaki ndani ya juisi ni chembe za tunda pamoja na pektini, na ndio unaoipa saida uzito mdomoni. Uchachu wake hutokana na asidi ya maliki. Wakamuaji hodari hawatumii aina moja ya tufaha. Huchanganya tamu na chachu, na katika kaskazini mashariki ya Marekani aina ya McIntosh hutumika sana kwa sababu ina vyote viwili.

Kuenea kwa matufaha nchini humo kunahusishwa na John Chapman, aliyezaliwa Massachusetts mwaka 1774 na kufariki mwaka 1845. Alianzisha vitalu vya miche Ohio na Indiana, akiotesha kwa mbegu. Mtufaha wa mbegu hauzai tunda kama la mti uliotoa mbegu hiyo. Mara nyingi huzaa matunda madogo makali, yanayofaa kukamuliwa kuliko kutafunwa. Bustani za walowezi wa wakati huo zilikuwa, kwa sehemu kubwa, bustani za saida kali.

Saida mbichi huharibika upesi, na yaweza kubeba vijidudu. Mwaka 1996 juisi ya tufaha isiyopashwa joto ilisababisha mlipuko wa ugonjwa wa bakteria wa E. coli magharibi mwa Marekani na Kanada, na mtoto mmoja akafa. Mwaka 2001 serikali ya Marekani ilitoa kanuni kali za usalama wa juisi. Saida nyingi ya madukani sasa hupashwa joto au kupitishwa kwenye mwanga wa urujuanimno. Anayekamua nyumbani afuate njia hiyo ya kwanza, hasa kama watakunywa watoto, wazee au wajawazito.

Bourbon

Bourbon ni wiski inayolindwa na sheria. Lazima itengenezwe Marekani, na angalau asilimia 51 ya nafaka yake iwe mahindi. Sehemu iliyobaki kwa kawaida ni rai au ngano, pamoja na kimea cha shayiri. Inapokenekwa, kileo chake kisizidi asilimia 80; inapotiwa pipani, kisizidi asilimia 62.5, na inapojazwa chupani, kisipungue asilimia 40. Pipa lazima liwe jipya, la mwaloni, na ndani liwe limeunguzwa kwa moto. Hairuhusiwi kutia rangi wala ladha. Ile inayoitwa halisi hukaa pipani miaka miwili au zaidi. Mwaka 1964 Bunge la Marekani liliitambua Bourbon kuwa bidhaa ya pekee ya nchi hiyo.

Kiini cha ladha yake ni pipa. Moto hupasua sehemu za mti na kuzaa vanilini, ile harufu ya vanila, na chini ya tabaka la mkaa sukari za mti huungua na kuwa karameli. Kiangazi cha Kentucky, jimbo inakotengenezwa Bourbon nyingi, kina joto kali. Wiski hupanuka na kuzama mtini, kisha baridi ikija hujikunyata na kurudi ikiwa imebeba ladha na rangi. Vanila na karameli ni ladha ambazo tangu zamani huandamana na tufaha katika mapishi ya Marekani, na ndiyo sababu Bourbon na saida huelewana bila kulazimishwa. Bourbon yenye rai nyingi ina ukali unaokata utamu wa saida, na yenye ngano ni laini zaidi. Kwa kokteli hii, ya rai hufaa zaidi.

Historia ya mchanganyiko

Kutia kileo kikali kwenye saida ni desturi iliyoitangulia Bourbon yenyewe. Katika enzi ya ukoloni watu wa New England walichanganya saida kali na ramu, wakakiita kinywaji hicho Stone Fence, yaani ua wa mawe. Masimulizi ya Vermont yanadai kwamba Ethan Allen, kiongozi wa wanamgambo wa huko, na wapiganaji wake walikinywa kabla ya kuiteka ngome ya Waingereza ya Ticonderoga tarehe 10 Mei 1775. Ramu ilitegemea molasi kutoka visiwa vya Karibi. Baada ya uhuru, Uingereza iliibana biashara hiyo, na walowezi waliohamia magharibi walikuta ardhi inayostawisha mahindi. Wiski ikachukua nafasi ya ramu. Jerry Thomas, mhudumu maarufu wa baa, alipochapisha kitabu chake cha vinywaji mwaka 1862, Stone Fence yake ilikuwa tayari ya Bourbon, saida tamu na barafu.

Viungo vya chai vinavyotiwa katika kinywaji hiki, kama karafuu, navyo vina historia, na hapo pwani ya Afrika Mashariki inaingia. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na meli za bandari ya Salem, Massachusetts, zikawa zinafika Unguja kwa wingi. Zilileta nguo za pamba zilizoitwa merikani, na kuondoka na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Karafuu hizo zilishukia katika nchi ileile ya saida.

Utengenezaji wa baridi

Kwanza hutengenezwa shira ya viungo. Kikombe kimoja cha sukari na kimoja cha maji huchemshwa pamoja na kijiti cha mdalasini, karafuu nne na vipande vitatu vya tangawizi mbichi. Baada ya dakika tano sufuria huepuliwa, hufunikwa dakika ishirini, kisha shira huchujwa. Karafuu zisizidi nne, kwa kuwa mafuta yake yana nguvu ya kufunika ladha nyingine zote. Shira huweza kukaa kwenye jokofu hadi wiki mbili.

Kwa glasi moja hupimwa mililita 60 za Bourbon, mililita 90 za saida, mililita 15 za maji ya limau na mililita 10 za shira. Hufuata matone mawili au matatu ya Angostura, kiungo kichungu kilichobuniwa na daktari Mjerumani Johann Siegert nchini Venezuela mwaka 1824, ambacho sasa hutengenezwa Trinidad. Vyote hutiwa katika chombo cha kutikisia kilichojaa barafu, hufungwa na kutikiswa kwa nguvu kama sekunde kumi na mbili, kisha huchujwa juu ya barafu mpya. Kipande chembamba cha tufaha huwekwa ukingoni, na kungumanga kidogo hukunwa juu.

Limau lipo kwa sababu asidi ya saida peke yake haitoshi kukabili wiski na shira. Saida ikiwa chachu sana, limau lipunguzwe hadi mililita 10. Ikiwa tamu sana, shira iachwe kabisa. Kutikisa nako si mbwembwe. Barafu inayoyeyuka huongeza maji, na maji hayo hufungua harufu ya wiski na kupunguza makali ya kileo kooni.

Utengenezaji wa moto

Usiku wa Oktoba na Novemba katika majimbo ya kaskazini huwa na baridi kali, na wengi hukipenda kinywaji hiki kikiwa moto. Lita moja ya saida huwekwa kwenye moto mdogo pamoja na vijiti viwili vya mdalasini, karafuu sita, tangawizi na ganda la chungwa. Huachwa dakika ishirini bila kutokota, kisha huchujwa. Bourbon haitiwi sufuriani. Kileo huchemka kwenye nyuzi joto 78 hivi, kabla ya maji kuchemka, na hutoroka na mvuke pamoja na harufu nzuri. Hivyo kila kikombe hutiwa kwanza mililita 45 za Bourbon, kisha mililita 180 za saida ya moto. Lita hiyo ya saida hutosha watu watano.

Mahali ambapo saida haiuzwi, kilo mbili za matufaha hutoa takriban lita moja. Hukatwa, husagwa kwa mashine ya jikoni na kukamuliwa kwa kitambaa safi. Juisi ya boksi iliyochujwa haina uzito wa saida, lakini hufaa ikiongezwa limau.

Kiasi cha kileo

Utamu wa tufaha huficha nguvu ya wiski, na jambo hilo linahitaji hadhari. Glasi ya baridi, ikitumia Bourbon ya asilimia 45, ina kileo cha karibu asilimia 13 baada ya barafu kuyeyuka, sawa na divai. Kikombe cha moto chenye Bourbon ya asilimia 40 kina karibu asilimia 8, na gramu 14 za kileo halisi, kiasi ambacho Marekani hukihesabu kuwa kinywaji kimoja. Dereva, mjamzito na aliye chini ya umri wa kisheria, ambao Marekani ni miaka 21 na Kenya na Tanzania ni 18, hawapaswi kukitumia. Kwa wasiotumia kileo, saida ya moto yenye viungo hunywewa bila wiski, kwa vipimo vilevile, ikiongezwa maji ya limau kijiko kimoja kwa kikombe ili kufidia ukali uliokosekana.