Aphaia: mungu wa kike aliyeitwa kwa majina ya wengine kwa miaka 90

Zeus na Athena umeshawasikia. Je, Aphaia? Huyu alikuwa wa Aegina tu, kisiwa kilicho ng'ambo ya Athens. Wenyewe walisimulia kwamba alikuwa msichana kutoka Krete, mvuvi akamtaka kwa nguvu, akaruka kutoka mashuani, akakimbilia msituni na kutoweka. Ndipo wakamwita Aphaia, yaani asiyeonekana. Jina lilikuja kumfaa kuliko walivyodhani.

Mwaka 1811 wasanifu majengo wawili vijana, Charles Cockerell wa Uingereza na Carl Haller wa Ujerumani, walifukua hekalu lake na kukuta sanamu za marumaru za wapiganaji wa Troya. Sanamu zikanunuliwa na Ludwig, mwana wa mfalme wa Bavaria, na hadi leo ziko Munich. Hekalu lenyewe wakasema ni la Zeus. Kwa nini? Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, alitaja mlima wa Zeus kisiwani humo, na jengo lilikuwa la fahari, basi wakaunganisha. Baadaye wengine wakasema hapana, ni la Athena, maana ndiye anayesimama katikati ya sanamu. Hoja si mbovu. Ila Pausanias huyohuyo alisema kwamba ukielekea mlima wa Zeus unapita kwanza kwa Aphaia! Walimsoma, lakini nani angempa mungu wa kijijini hekalu kubwa namna ile?

Mwaka 1901 timu ya Adolf Furtwängler ikapata jiwe lenye maandishi ya karne ya 6 KK: nyumba ya Aphaia imejengwa, pamoja na madhabahu, pembe za ndovu na ukuta wa kuizunguka. Ubishi ukaisha. Nyumba hiyo ni ya zamani kidogo kuliko hekalu tunaloliona, la mwaka 500 KK hivi, kwa sababu ile ya kwanza iliungua.

Kinachonivutia zaidi mimi si hata marumaru. Ni visanamu vya udongo vilivyochimbuliwa hapohapo, vya zama za Mycenae, karne nyingi kabla ya hekalu lolote: wanawake, baadhi wamepakata watoto. Vidogo, vinaenea mkononi, na hakuna mwana wa mfalme aliyevigombea.