Namna ya kusimama juu ya kinga, hata juu ya gurudumu la nyuma



Kila rekreasio tunaona vijana nyuma ya jiko wakivuta usukani wa kinga kwa nguvu ili gurudumu la mbele liinuke. Wengi wameona katika telefone ya kaka zao picha za Danny MacAskill. Huyu ni Mskoti, alizaliwa mwaka 1985 katika kisiwa cha Skye, na alijulikana mwaka 2009 kwa filamu fupi iliyopigwa katika mji wa Edinburgh, ambamo anapita na kinga hata juu ya uzio wa chuma. Ni mambo ya kushangaza, hatukatai. Lakini kinga ya baba njo inabeba mihogo mpaka sokoni, na mkono uliovunjika hauandiki mtihani wa Serikali. Basi tumeona vema tueleze kazi hii inaendaje.

Mchezo wenyewe unaitwa triali. Ulitoka katika mchezo wa pikipiki, ambamo mtu anapita juu ya mawe na miti bila kuweka mguu chini. Kule Katalonia, katika Uhispania, watoto walipewa kinga ndogo ili wajifunze mambo hayo bila mota. Ot Pi alitoka hapo akawa bingwa wa dunia. Baba yake, Pere Pi, alikuwa mtu wa pikipiki za Montesa.

Sasa, juu ya nini kinga haianguki? Wengi wanajibu: ni magurudumu yanayozunguka. Jibu hilo halitoshi. Mwaka 2011 wataalamu wa Uholanzi na Marekani walionyesha kinga waliyoitengeneza ili nguvu ya mzunguko isisaidie kitu, nayo ikasimama yenyewe ilipokuwa inatembea. Jambo kubwa ni hili: kinga ikilala kushoto, usukani unageuka kushoto, na magurudumu yanakuja tena chini ya uzito. Ukitaka kujua, jaribu kuendesha na usukani uliofungwa usigeuke. (Kwenye nyasi, tafadhali.) Basi kushika sawa ni kurudisha gurudumu chini ya mwili kila mara. Mengine yote yanatoka hapo.

Kwanza ujifunze kusimama bila kutembea. Wafaransa wanaita surplace. Katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, Pettenella wa Italia na Trentin wa Ufaransa walisimama hivyo karibu dakika 22 katikati ya mashindano, kila mmoja akimngoja mwenzake atangulie, kwani anayefuata nyuma hapigwi sana na upepo. Kinga zao zilikuwa za uwanja, ambazo pedali zinaweza kurudisha gurudumu nyuma. Zetu haziwezi. Kwa hiyo tafuta mahali panapopanda kidogo, usimame juu ya pedali zikiwa sawasawa, mguu wako wenye nguvu mbele, na ugeuze gurudumu la mbele upande ule unaopanda. Tuseme umeligeuza kushoto. Mwili ukilala kushoto, kanyaga kidogo tu: gurudumu linasogea mbele na kushoto, linakuja chini yako. Ukilala kulia, legeza mguu, mteremko wenyewe unakurudisha. Macho yasiangalie gurudumu. Yaangalie jiwe moja lililo mbele kama metre tatu. Siku za kwanza utahesabu mpaka mbili. Asiyefika kumi na tano bila kuhangaika asiguse gurudumu la nyuma, kwa sababu kule juu hakuna usukani wa kumsaidia tena.

Juu ya gurudumu la nyuma mwili unaanguka mbele ao nyuma, na una vitu viwili tu vya kuurudisha: pedali na freni ya nyuma. Ukianguka mbele, achilia freni na ukanyage kidogo, gurudumu linakimbia kuja chini yako. Ukianguka nyuma, shika freni, na gurudumu la mbele linashuka mara moja. Wale wa nyuma ya jiko wanavuta kwa mikono tu, njo maana wanachoka bure. Mikono inyooke, kiuno kirudi nyuma, na pedali ikanyagwe wakati ule ule. Watu wa triali wakishafika juu wanafunga freni na kurukaruka pale pale. Si mapambo: kila mruko unasogeza gurudumu kidogo mahali linapohitajiwa, sawa usukani ulivyofanya chini.

Lakini kinga zao si sawa na zetu. Za mashindano hazina kiti kabisa, ili mwili upate nafasi ya kushuka. Fremu iko chini, mpira wa nyuma ni mnene na haujazwi sana, ili ushike jiwe. Wengine wanakwaruza chuma cha gurudumu kwa mashine ili freni iume vizuri. Kinga zetu zina kiti kirefu, kibebeo cha mizigo, na nyingine zinasimamishwa kwa kiatu! Mwenye kinga ya namna hii ajifunze surplace, na hiyo inatosha. Itamsaidia hata na gunia nyuma, katika njia ya matope.

Kwa wale wengine, sisi tunaoshika ufunguo wa banda la kinga tumekubaliana na mwalimu wa michezo: Jumatano baada ya masomo, kwenye nyasi za kiwanja, si nyuma ya jiko. Kabla ya kuanza tutashika freni ya nyuma ya kila kinga na kuisukuma. Gurudumu likizunguka, kinga inarudi bandani.