Kimondo cha Mbozi: Hesabu ya Tani 16

Nanyala hakukosekani mzigo mzito. Malori ya mpaka wa Tunduma yanapita usiku na mchana, na sheria inaruhusu lori na trela lake kufikia tani 56. Lakini katika wilaya hiyohiyo ya Mbozi, mkoani Songwe, ukiiacha lami na kushika njia ya Ndolezi, kuna mzigo wa tani 16 ambao lori moja kati ya hayo lingeuchukua bila shida. Mpaka leo haujachukuliwa, na mimi nashukuru.

Ni kimondo, urefu wake mita 3 hivi, upana na kimo kama mita 1. Mtu mzima akijinyoosha juu yake, miguuni pake inabaki nafasi ya kumlaza mtoto. Uzito wake ndio unaoshangaza. Jiwe la kawaida la ujazo huo lingekuwa na tani 5 na nusu hivi. Kimondo hiki kinalingana na magunia 266 ya kahawa ya kilo 60, na watu wa Mbozi wanajua maana ya kubeba hata moja.

Sababu ni kwamba ni chuma. Vipimo vinaonyesha chuma asilimia 90.45, nikeli 8.69 na shaba 0.66. Kwa tani 16, nikeli ni kilo 1,390 na shaba kilo 106 hivi. Tuchukulie nikeli dola 16,000 kwa tani: hiyo ni kama dola 22,000. Ongeza shaba, ongeza chuma kwa bei ya chuma chakavu, jumla haifiki dola 30,000. Fedha hiyo hainunui hata lori jipya la kukibebea.

Mvumbuzi wa Kimarekani Robert Peary alipiga hesabu nyingine. Mwaka 1897 aliondoa Greenland kimondo cha tani 31, kimoja kati ya vimondo ambavyo chuma chake vizazi vya Wainuiti, wenyeji wa huko, walikuwa wakikimega kutengeneza visu. Yeye na mkewe wakakiuza, pamoja na viwili vidogo, kwa jumba la makumbusho la New York kwa dola 40,000. Kipo huko hadi leo. Wainuiti wakabaki na mahali kilipokuwa.

Ndolezi mambo yalikwenda vingine. Wenyeji walikijua kimondo chao tangu zamani, ila haikupatikana simulizi ya siku kilipoanguka, wala shimo la kishindo halionekani. Kwa hiyo inaaminika ni maelfu ya miaka, muda wa kutosha kwa udongo kufukia kila alama. Mpimaji W. H. Nott alipokiandika mwaka 1930, sehemu yake ilikuwa bado ardhini. Wachimbaji hawakukinyanyua. Walichimba handaki kukizunguka, wakaacha nguzo ya udongo chini yake, kisha nguzo ikajengewa zege. Ukisimama ndani ya handaki unakiona kama kilivyotua, cheusi, kimejaa vibonyeo kama unga uliobonyezwa kwa dole gumba. Mwaka 1967 kikawekwa chini ya ulinzi wa serikali, na siku hizi kinasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro.

Ulinzi huo una kazi. Kwenye ncha ya kimondo kuna mapengo yaliyoachwa na watu waliokata vipande vya ukumbusho, na kukata chuma kilichochanganyika na nikeli si kazi ya dakika mbili. Kila mmoja bila shaka alijiambia kwamba kipande chake ni kidogo. Basi tuhesabu. Kila mgeni akiondoka na gramu 100 tu, wageni 160,000 wanakimaliza chote. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,344,687 mkoani Songwe, kwa hiyo wangetosha watu 12 katika kila 100, bila hata mgeni mmoja kutoka nje ya mkoa.