Kabla jina la mtoto halijaingizwa kwenye akili unde

Mwalimu wa Kagunga au Mwamgongo, mkoani Kigoma, hasubiri waraka ndipo ajaribu akili unde. Simu anayo, na vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu. Akiandika maelekezo machache, anapata andalio la somo ambalo zamani lingemla jioni nzima. Swali lililobaki ni nani ataweka utaratibu. Kwangu mimi, mwenye kazi hiyo ni Afisa Elimu wa halmashauri. Wizara hutunga sera ya nchi nzima; yeye ndiye anayeitisha kikao cha wakuu wa shule, na ndiye anayejua ni shule ipi hufikiwa kwa boti tu.

Aanze na majina ya watoto. Mwalimu akitaka kuandika ripoti za wazazi haraka, kishawishi ni kuingiza orodha nzima ya darasa: majina, alama, utoro, pengine hata ugonjwa. Programu nyingi za bure hutunza kinachoandikwa humo kwenye kompyuta zilizo nje ya nchi, na baadhi hukitumia kuifundisha mashine yenyewe. Kikishatoka, hakirudi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti.

Kigoma jambo hili ni zito kuliko kwingine. Ujiji, Kibirizi na vijiji vya mwambao vina familia zenye ndugu Burundi na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kongo. Kasulu iliwekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kibondo ikawekwa ya Nduta. Mahali ambapo mtu anaweza kuulizwa uraia wake kwa sababu ya jina tu, orodha inayoonyesha mtoto fulani ni wa nani na baba yake alizaliwa wapi inaweza kuumiza watu. Kwa hiyo katazo liandikwe kwa lugha ya kawaida na libandikwe ofisi ya walimu: jina, namba ya mtihani, picha na habari za afya za mwanafunzi haziingizwi.

Jambo la pili ni usahihi. Mashine hizi hupanga maneno kwa kukadiria lipi linaelekea kufuata, kutokana na maandishi mengi ziliyolishwa, ambayo sehemu kubwa ni ya Kiingereza. Ndiyo maana huweza kukosea kwa lugha fasaha kabisa. Chukua uvuvi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Programu iliyofundishwa kabla ya hapo, na isiyotafuta habari mpya, itamwandalia mwalimu somo zuri la dagaa na migebuka lisilogusa jambo ambalo kila mtoto wa Katonga, kando ya ziwa hilo, aliliona nyumbani. Mwalimu asiyehakiki atasahihishwa na darasa.

Mafunzo hayahitaji ukumbi wa hoteli. MEWAKA, mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, ipo tayari, na walimu hukutana shuleni na kwenye vituo vyao. Kipindi kimoja kitengwe: walimu wa somo moja wachukue andalio lililotungwa na mashine, walilinganishe na muhtasari na kitabu cha Taasisi ya Elimu Tanzania, wapigie mstari kila kosa. Hapo watajifunza zaidi kuliko kwa hotuba.

Wanafunzi je? UNESCO, katika mwongozo wake wa 2023, ilipendekeza umri usiwe chini ya miaka 13 kwa mazungumzo ya moja kwa moja na mashine hizi. Shule za msingi zibaki na mwalimu kama mtumiaji.

Na uamuzi wa kumkaririsha mtoto darasa, kumwadhibu au kumpangia mkondo usiachiwe programu hata siku moja. Mzazi, kwenye mkutano ujao wa shule simama uulize: taarifa za mwanangu zinaingizwa wapi, na nani aliruhusu?